Gauni la Kabati

Ugomvi ulianza asubuhi, Mama alipokuwa anavaa.

"We bibi," alisema kwa sauti, "hilo gauni ni langu."

Fundi alikuwa chumba cha mbele, mguu kwenye cherehani, suruali ya mteja chini ya sindano. Alidhani Mama anaongea na jirani dirishani. Alipokwenda kuchungulia alimkuta amesimama mbele ya kabati la nguo, kidole kimenyooka kwenye kioo, na yule wa ndani ya kioo naye amemnyooshea kidole bila haya.

"Mwone! Kavaa gauni langu, na bado ananitolea macho. Hebu mfukuze, Kitinda."

Mtaa mzima ulimwita Fundi. Kitinda alikuwa kwa Mama tu, kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi. Mama alikwishasahau mengi: sahani zinakaa wapi, mumewe amekufa au amekwenda kazini, leo ni leo au ni jana. Lakini Kitinda alimjua bado. Si kila saa, ila kila siku jina hilo lilimtoka angalau mara moja, na Fundi akishalisikia, siku yake imetimia.

Sasa niambie, mtu wa kwenye kioo unamfukuzaje? Fundi alianza kwa kusema ukweli, kosa ambalo sote tungelifanya.

"Mama, huyo ni wewe."

Mama alimtazama kwa huruma. "Mimi? Kibibi kile? Mwanangu, una homa wewe."

Basi ikawa kelele kutwa kucha. Mama alimporomoshea yule mwizi wa magauni matusi ambayo Fundi hakujua kama mama yake anayajua, mengine hata yeye hakuyaelewa, ikabidi aone haya kwa kukisia. Kisha akaanza kupiga kioo kwa ngumi. Majirani walivumilia, wakagonga ukuta, mwisho wakampigia simu Kaka, mtoto wa kwanza, ambaye anaishi mbali na hupenda sana kupanga mambo ya watu akiwa amekalia kochi lake.

"Mama atakuja kwangu," Kaka alimwambia Fundi kwenye simu. "Nitamtafutia mtu wa kumwangalia. Atakuwa na chumba chake, mlango wake, na kufuli."

"Kufuli la nini tena?"

"Asije akatoka akapotea. Mdogo wangu, wewe unashona kutwa, utamwangalia saa ngapi? Nakuja Jumamosi. Nikimkuta bado anapigana na kabati, naondoka naye."

Fundi alikaa chini palepale, simu mkononi. Akilini alimwona Mama nyuma ya mlango wa watu wengine, anaita jina la mtu asiyekuwepo. Akalia kidogo, akajikaza kisabuni, akaenda kulitazama kabati.

Lile kabati lilikuwa jeuri tangu zamani. Lilipigiwa misumari humohumo chumbani, kwa hiyo mlangoni halipiti hata ulibembeleze. Vioo vilikuwa vimegandishwa kwenye milango kwa gundi. Seremala alivigongagonga akasema ukivibandua vinapasuka vyote, na yeye hataki damu ya mtu. Kuligeuza liangalie ukutani? Nguo zitatokaje? Fundi alikwishabandika magazeti, Mama akayachana yote huku akisema, "Toka huko, nimekuona!"

Likabaki jambo moja, na ndilo alilolijua. Atalishonea kabati gauni.

Akachukua vipimo: kimo, upana, kina. Mama akamfuata nyuma, akashika ncha ya pili ya futi ya kupimia bila kuombwa, akaikaza vizuri. Ni yeye aliyemfundisha binti yake kushona, na mikono yake haikuwa imesahau kitu.

"Nani huyu mteja?" aliuliza. "Mbona hana kiuno?"

"Ni mnene, Mama."

"Mwachie nafasi ya kupumua."

Walicheka mpaka Fundi akasahau anachokipima. Alikata kitambaa cha pazia cha rangi ya maziwa, akaunga mbele, ubavuni na juu, akatia zipu mbili ndefu ili nguo ziweze kutolewa. Mama alipitisha kidole kwenye upindo akasema, "Hapa umekwenda upogo, Kitinda. Fumua." Akafumua. Siku hiyo aliitwa jina lake zaidi ya mara moja, akashona huku anaimba.

Wakalivika. Likakaa sawasawa, pembe kwa pembe. Ikaja alasiri, jua likaingia dirishani, likapiga kitambaa, na kioo nacho kikapiga kutoka ndani. Kitambaa kilikuwa chepesi! Fundi mzima, miaka yote ya kushona mapazia ya watu, akasahau kukitazama mwangani. Kivuli cha mtu kikatokea mle ndani.

"Ahaa!" Mama akapiga ukelele. "Sasa kajitia ushungi! Mwizi na ushungi!"

Ngumi zikaanza upya, jirani akagonga ukuta, na Fundi akamkumbatia Mama kwa nyuma asijiumize, akimwambia basi, Mama, basi, mpaka wote wawili wakaishiwa nguvu. Kisha akalivua lile gauni, akalitia bitana nzito nyeusi, akirudia kila mshono. Mara hii Mama hakuja kushika kitu. Alikuwa amelala, amechoka hoi.

Kaka alipofika Jumamosi alikuta nyumba imetulia tuli. Mama amekaa kitandani, mikono mapajani, mbele yake kabati limevaa likapendeza. Kaka akalizunguka, akalipapasa, akafungua zipu na kuifunga.

"Kumbe dawa ni kitambaa tu!" akasema, akacheka, akala, akaondoka peke yake.

Fundi aliufunga mlango nyuma yake na kuegemea hapo. Alifurahi, kwa nini asifurahi? Mama yake amebaki. Akarudi chumbani kumpa habari.

"Mama, huendi popote."

Mama hakujibu. Alikuwa anatazama lile gauni la kabati.

Wala kesho yake hakujibu. Hakugomba, hakuulizia wateja, hakukosoa mshono wa mtu. Chai ilipoa mbele yake. Mkate aliushika, akauzungushazungusha, akaurudisha. Majirani walisifu utulivu, na Fundi akatamani kuwatukana. Alimletea upindo alioupinda vibaya kusudi, kabisa kabisa upogo, akauweka mapajani mwake. Mama aliutazama kama unavyotazama tambara la mtu mwingine, ukaanguka sakafuni. Kitinda halikumtoka tena. Fundi alikaa karibu naye akangoja, akajipitisha, akakohoa, akajiita mwenyewe kwa sauti, "Kitinda mimi, njoo huku," mtu mzima na mvi zake. Hakuna.

Daktari alipima hapa na pale akasema ni ugonjwa unavyokwenda, alishwe taratibu. Alishwe! Mdomo wenyewe haufunguki.

Hapo ndipo Fundi alipoanza kulitazama lile gauni vingine. Mama alipokuwa na adui, alikuwa anaamka na shughuli. Sasa amebaki na nani? Akilivua na kelele zikarudi, Kaka atakuja na kufuli lake. Akiliacha, Mama atakauka hivihivi, kimya, mbele ya macho yake. Hakuona njia ya tatu. Alisimama katikati ya chumba, mikono inaning'inia, akatamani mtu yeyote aingie amwamulie.

Hakuingia mtu. Akafungua zipu ya kwanza, akafungua ya pili, akalivuta gauni lote likamwangukia mikononi, zito, na vumbi lake. Akafumba macho kungoja matusi.

"Ala!" Mama akasema. "Kumbe upo!"

Sauti ilikuwa imekwaruza kwa kukaa bila kazi. Alikuwa ameinama mbele, uso umechangamka.

"Nimekutafuta weee! Walikufungia? Masikini, na ulivyokonda. Hilo gauni chukua tu, sina neno. Karibu chai."

Akainua kikombe kumwelekea mwenzake, na mwenzake akainua chake. Akanywa. Chai baridi, lakini alikunywa kikombe kizima, akachukua na mkate, akamega, akatafuna. Fundi alisimama nyuma ya kitanda amekumbatia kitambaa, machozi yanamtiririka, akaogopa hata kuyafuta asije akaharibu jambo.

Mama akasogea karibu na kioo, akashusha sauti.

"Na huyo nyuma yako ni nani?"

"Ni mimi, Mama," Fundi akasema.

Mama hakugeuka. Alikuwa anangoja jibu la mwenzake, nyusi amezipandisha, na mwenzake amezipandisha vilevile.

"Na wewe humjui?" Mama akatikisa kichwa. "Basi tuko sawa. Mwache akae, anaonekana amechoka."