Kisanduku cha Jina la Pili

Dada wa dirishani pale hospitalini aliliandika jina kwa mara nyingine, akatazama kompyuta yake, akasema lile lile: mtu huyo hayupo. Wagiyem alikuwa amesimama mbele yake, jasho likimtoka, kitambulisho mkononi. Nyuma yake, kwenye benchi, mumewe Sarjono ameegemea ukuta, miguu imevimba hata kandambili hazimwingii. Leo ilikuwa zamu yake ya kusafishwa damu kwa mashine ya figo. Zamu iliyotangulia ilimpita kwa sababu hiyo hiyo, na daktari alishasema wazi kwamba na hii ikimpita, yeye asiulizwe.

Kosa la Wagiyem lilikuwa kuzaliwa Mjava na kupewa jina moja tu, kama baba yake alivyopewa moja, kama walivyo nusu ya wanawake wa kiwandani kwao. Wagiyem, basi. Jina hilo lilimtosha shuleni, likamtosha siku ya ndoa, likamtosha miaka yote aliyoshona sare za wanafunzi katika kiwanda kile cha nje ya mji wa Solo. Halafu kiwanda kikanunua mfumo mpya wa kompyuta. Wakubwa walikata utepe, wakala wali wa manjano wa sherehe, wakajisifu kwamba sasa mahudhurio, mishahara na bima ya matibabu vitasomana vyenyewe. Mfumo ulikuwa na visanduku viwili vya jina, na cha pili hakikukubali kuachwa kitupu. Karani akarudia jina lile lile, Wagiyem Wagiyem, akaenda zake kula. Kampuni ya bima ikaletewa huyo Wagiyem Wagiyem, ikamlinganisha na kitambulisho, haikumwona. Kadi ikafungwa, na Sarjono alikuwa akitibiwa kwa kadi hiyo hiyo ya mkewe.

Ujinga mtupu, na hakuna aliyeona haya.

"Rudi kiwandani wakurekebishie, mama," alisema dada wa dirishani. "Sisi huku tunapokea tu."

Kiwandani walikuwa wamemwambia aende hospitali. Alimwachia Sarjono chupa ya maji, akaenda mbio mbio hadi kazini. Getini aliweka kidole gumba kwenye mashine. Haikusita hata kidogo. WAGIYEM WAGIYEM. UMECHELEWA. NUSU SIKU IMEKATWA.

Alisoma, akasoma tena. Hasira ilimpanda, akapita chumba cha cherehani bila kumsalimu mtu.

Katika ofisi ya utumishi alikaa Rendra, kijana wa Jakarta aliyeletwa pamoja na mfumo wenyewe. Hakuwa mtu mbaya. Alimvutia kiti, akamweleza taratibu kwamba kisanduku kimeundwa hivyo na kukibadilisha ni mpaka makao makuu wakubali. Akamuuliza kama hana jina la ukoo. Wagiyem akajibu kwamba wao hawana majina ya ukoo. La baba je? Wagiyem akasema baba aliitwa Kromo, lakini hilo nalo halimo kwenye kitambulisho, kwa hiyo bima watalikataa vile vile.

"Getini mbona imenijua?" akauliza.

"Ile inasoma kidole, mama."

"Si mlisema vyote vinasomana? Ni mfumo mmoja au siyo?"

"Ni mmoja."

"Basi niambie, mwanangu. Kunikata mnaniona. Kumtibu mume wangu ndiyo hamnioni?"

Rendra aliinamia kibodi yake. Mwishowe akasema, kama mtu anayetaka mambo yaishe, kwamba achague jina lolote mradi kisanduku kijae, kisha yeye atawapigia watu wa bima waangalie kitakachowezekana.

"Lolote?"

"Lolote tu, mama."

"Andika Yupo."

Kijana alidhani ni utani. Alipouona uso wake akaandika, na kisanduku kikageuka kijani. Mlangoni alikuwa amesimama Sutinah, mshona vifungo, ambaye kadi yake nayo ilikuwa imefungwa hivyo hivyo. Akasema na yeye aandikwe Yupo, Rendra asipoteze muda kumuuliza maswali. Wagiyem hakungoja. Mume wake alikuwa benchini.

Hospitalini, dada wa dirishani aliandika Wagiyem Yupo. Akangoja. Akatikisa kichwa. Kitambulisho kinasema Wagiyem peke yake, na mtu mwenye majina hayo mawili hawamjui.

"Hayupo, mama. Jaribuni tena kesho."

Wagiyem alivua mtandio wa batiki begani, akautandika sakafuni kando ya dirisha, pale kwenye mlango wanapotokea wahudumu. Akamshika Sarjono kwapani, akamburuta pole pole, akamlaza. Alikuwa mzito kwa yale maji yaliyomjaa mwilini. Watu wa foleni wakasogea kumpisha. Mwenyewe akaketi, akakipakata kichwa cha mumewe.

Dada akachungulia dirishani. "Mama, hapo hapalaliwi."

"Huyu ni mume wa mtu ambaye hayupo," alisema Wagiyem. "Ukitoka kwenda kula, mruke."