Mashine ya Boti na Jogoo Mzee

"Shika hapo, usiachie," Gaudensi alisema, na Raheli akashika. Bolti ya mwisho iliingia kwa shida, kisha injini ya boti ikatulia puani mwa ndege, imelala ubavu, namna ambayo walioiunda hawakuifikiria.

Ndege ilikuwa imemeza ua wote wa nyumba yao ya Rahaleo, Mtwara. Mkia ulipita juu ya banda la kuku, na mabawa, ambayo yalikuwa hayajafungwa, yaliegemezwa ukutani. Gaudensi alikuwa fundi wa kreni bandarini, na mabomba ya alumini aliyakata na kuyaunga mwenyewe jioni baada ya kazi. Kitambaa cha mabawa alikishona mkewe, Raheli, kwa mkono, kiangazi kizima, amekaa kwenye mkeka. Majirani walisema mengi, halafu wakazoea, maana mtu huzoea hata ndege ya jirani.

Kilichobaki ni injini, na hiyo ndiyo iliyoleta maneno. Zilikuwepo mbili. Chini ya turubai ilikaa injini ya Foksi, yale magari ya zamani yenye mgongo wa kobe. Nzito, haina papara, inapozwa na upepo tu. Ya pili ni hii ya boti, nyepesi na yenye nguvu za kutosha. Ukichagua Foksi, mabawa hayatoshi kubeba uzito wake. Itabidi yafumuliwe, yarefushwe, yashonwe upya. Ukichagua ya boti, mkaguzi wa ndege anafika Jumatano kutoka Dar es Salaam, anaikuta tayari, na akiridhika Gaudensi anaruka. Na mkaguzi huyo haji Mtwara kila akiitwa.

Gaudensi alichagua ya boti. Alizitaja sababu zake zote isipokuwa moja: hakuwa na uso wa kumwambia Raheli afumue kazi ya kiangazi kizima. Raheli naye alikuwa anaogopa, usingizi ulishamwisha, lakini hakutaka kuwa mke aliyemzuia mumewe. Basi kila mmoja alimficha mwenzake, na injini ikafungwa.

Ndipo Shaibu alipoingia bila hodi. Shaibu alikuwa fundi wa mashine za boti kule Ufukoni, Myao, na Gaudensi ni Mngoni wa Songea. Babu zao walipigana mpaka wakachoka, wakaachiana utani, na mtani habishi hodi. Alikwenda moja kwa moja chini ya ndege, akajilaza chali, akajifunika kanga iliyokuwa imeanikwa, akaanza kulia.

"Mngoni wangu! Umetuacha na nani, Mngoni wangu!"

"Nini tena, mtani?"

"Nakulilia mapema. Jumatano nina mashine za wateja, sitapata nafasi ya kuja msibani."

Raheli alicheka mpaka akaziba mdomo. Kisha kicheko kikamkauka.

Shaibu aliinuka, akaizunguka injini taratibu. "Mtani, mashine kama hii nimefungua ngapi? Hii inakunywa bahari ndiyo ipoe. Wewe umeipa kirejeta cha pikipiki."

"Kinatosha. Jana nimeiwasha kabla ya kuifunga."

"Imenguruma kidogo, ukafurahi. Mimi baharini ikizima natoa kasia. Wewe kule juu utatoa nini?"

"Nitatua."

"Utatua, ndiyo. Kwenye mikorosho ya watu."

Gaudensi alipandwa na hasira, akazimeza. Kwa mtani hakuna kukasirika. Anayekasirika ndiye aliyeshindwa. Shaibu alilijua hilo. Akaliendea pangaboi la ndege, lililochongwa kwa mninga na fundi wa Kimakonde, akalitia begani na kuelekea mlangoni.

"Rudisha, mtani."

"Nimeliteka. Lina fidia."

"Sema fidia yako."

"Kuku wa mchuzi. Lakini akiwa jikoni, mashine iwake na panga lake, moto wote, kama unapanda angani. Kuku akiiva na yenyewe bado inanguruma, nakula naondoka, na Jumatano nakuja kukupigia makofi. Ikizima kuku hajaiva, panga linalala kwangu mpaka ubadilishe mashine."

Gaudensi alitazama injini yake, akatazama jiko. Kuku ni kitu gani? "Mama Pendo, mkamatie kuku wake."

Raheli aliinama chini ya mkia wa ndege, akaingia bandani. Mlikuwa na mitetea laini, wa kuiva mara moja. Alikawia kidogo, kisha akatoka amemshika jogoo mzee, mwenye kucha za nyuma zilizojikunja, ambaye binti yao Pendo alimlea tangu yuko shule ya msingi. Pendo sasa alikuwa chuoni.

"Huyo?" Gaudensi aliuliza.

"Ndiye niliyemshika."

Shaibu alipokea kisu, kama ilivyo desturi Mwislamu akiwa mgeni. Akasema bismillahi, akachinja.

Mkia walikuwa wameshaufunga kwenye mnazi kwa kamba nene ya bandarini, na pangaboi likafungwa puani. Injini iliwaka kwa mvuto wa kwanza. Gaudensi alipoipa moto wote, kanga ziliruka ukutani, vumbi likapanda, kamba ikakazika mpaka ikatetemeka. Ilivuta kweli. Alimgeukia Shaibu akatabasamu, na Shaibu akaitikia kwa kichwa kwa heshima.

Jikoni, Raheli hakupepea mkaa. Aliidunga nyama kwa uma; ilikuwa ngumu kama kandambili.

Mvuke ulianza kutoka kwenye mfuniko wa rejeta, mwembamba kwanza. Sauti ya injini ikabadilika, ikawa kali na kavu. Mkono wa Gaudensi ulikwenda wenyewe kupunguza moto. Shaibu akatikisa kichwa, akaonyesha juu kwa kidole. Gaudensi akaurudisha mkono. Injini ikapiga kelele moja fupi, pangaboi likasimama ghafla, likaganda. Katika ua mzima ilisikika sufuria tu ikitokota.

Shaibu alikuwa na haki ya kucheka, na hakucheka. Alichukua spana akaanza kulifungua pangaboi.

"Kuku bado," Raheli alisema.

Gaudensi alikaa chini. Siku zote alisema akiruka ataanza na mdomo wa Ruvuma, auone mto ukiingia baharini. Sasa aliuona: maji ya matope, mikoko, na yeye juu yake na ukimya huu. Aliogopa, kwa mara ya kwanza tangu aanze.

"Nitamwambia mkaguzi asije," alisema.

"Mwambie ndege inaumwa. Si uongo," Shaibu alijibu.

Jogoo hakuiva vizuri hata walipomla. Shaibu alitafuna bila kulalamika, akashukuru, akaondoka na panga lake begani.

Gaudensi alifunua turubai, akaanza kuipangusa injini ya Foksi. Upande wa mabawa hakuthubutu kutazama. Alipoinua kichwa, Raheli alikuwa mkekani, ncha ya bawa imelala mapajani mwake, wembe mkononi. Uzi wa kwanza ulishakatika.

"Lirefuke mpaka wapi?" aliuliza.

Gaudensi akaja, akapiga goti, akaunyoosha mkono wake kutoka ncha ya bawa kwenda nje. Raheli alipatazama hewani pale vidole vilipoishia, kisha akakata uzi wa pili.