Mkono wa Rawya

Nihal alikuwa amechoka, na si magoti peke yake. Miezi yote hii alikuwa akijizoeza ngoma moja katika ukumbi mdogo wa Attarin, Iskandaria, mbele ya pazia jeupe, na kwenye pazia hilo marehemu mama yake, Rawya, alicheza naye. Ilikuwa video ya simu ya zamani, imejaa chengachenga: Rawya kijana, kichwa wazi, kiuno kinakwenda, kwenye usiku wa hina wa jirani aliyekuwa akiolewa. Aliporudi Hija hakucheza tena, na picha zake za ujana alizichana kwa mkono wake. Hii moja ilisalia. Mwishoni Rawya anaitazama kamera, ananyoosha mkono, video inakatika.

Mkono ule ndio uliobeba onyesho zima. Nihal aliwaambia watu wa sanaa kwamba mama anamwita, nao wakayapenda maneno hayo, maana watu wa sanaa hupenda kulizwa bure.

Mchana wa siku ya onyesho, mama yake mdogo, Inshirah, alimletea bakuli la mahshi, mboga zilizojazwa wali. Akakaa kutazama mazoezi. Video ilipokatika, alikuwa ameshika mdomo.

"Hiyo umeitoa wapi?"

"Kwenye simu yako mbovu, mama mdogo. Ile uliyonipa nichezee utotoni."

"Ya Rabi! Nami nilidhani nimeifuta."

"Ungeifutaje? Tazama, ananiita."

"Akuite wewe? Wewe ulikuwa nyumbani umelala! Ile ni hina ya wanawake, simu zote zilikusanywa mlangoni ndani ya kapu. Mimi mjuaji nikaificha yangu kifuani. Rawya akaniona. Hapo ananiambia zima."

Nihal alikaa chini palepale sakafuni. Alitamani kukasirika, ila hata hasira inataka nguvu.

"Hakunisemesha mpaka Idi," Inshirah aliongeza taratibu.

"Mama mdogo, sina kingine chake. Bila video hii hata sura yake siioni tena."

"Najua, mwanangu."

Nihal aliichukua simu yenye video, akagusa pa kufutia. Ikamuuliza kama ana uhakika. Hakuwa nao, akabonyeza. Kisha akamwendea Shadi, fundi wa mitambo, amwambie aifute na kwenye kompyuta.

"Wewe una wazimu?" Shadi aling'aka. "Watu wanakuja jioni hii! Tuwaonyeshe shuka?"

"Waonyeshe shuka."

"Haya, bibie. Wakinizomea, nitawaelekeza kwako."

Jioni ukumbi ulijaa. Nihal alicheza peke yake mbele ya pazia tupu, na kila alipomtafuta mama yake kichwani alikuta chengachenga tu. Ilimuuma, wala hakujificha. Machozi yalimtoka mbele za watu. Ndipo zikaanza kuinuka simu. Moja safu ya mbele, tatu nyuma yake, halafu ukumbi mzima ukawa taa tupu, na uso wake uliolowa ukaingia kwenye kila kioo.

Akasimama. Akawanyooshea mkono, kiganja wazi, na safari hii alijua vyema maana yake.

Hakuna aliyezima. Walisogea karibu zaidi wapate kuuchukua vizuri mkono ule, na baadhi yao walikuwa wakilia.