Mafiga ya Itaba

Jumatatu, tarehe 3 Juni 2024. Asubuhi hiyo Muyinga kulikuwa na ukungu na baridi, lakini mvua haikunyesha.

Kasilda alifika kituo cha mabasi akiwa na karai kichwani. Ndani yake mlikuwa na mafiga matatu. Mwaka 1972, baba yake alipokimbia mauaji ya Burundi kwenda Tanzania, aliyang'oa jikoni kwake Itaba, akaacha ng'ombe na karatasi za shamba. Mafiga hayo hayajapoa tangu siku hiyo. Kasilda alizaliwa kambini, akalelewa kwa uji uliopikwa juu yake bila kuni. Sasa wazee wa kilima, waamuzi wa kijiji, walikuwa wamemwita Itaba siku ya Ijumaa, aeleze kwa nini analidai shamba la baba yake.

Sefu, dereva, aligusa karai, akarudisha mkono haraka.

"We mama, hii mawe iko na moto. Ile siku ya kutoka mpakani Kobero uliniunguzia siti."

"Nilikuombea, Sefu."

"Siti haikupona."

Kasilda akaenda kwa miguu.

Alipanda na kushuka vilima siku nne, akipita nyikani kwenye nyasi tupu na mabondeni kwenye tope lililofika magotini. Kila saa sita mchana ngata yake ya majani ya mgomba iliungua, akasokota nyingine. Jioni alitua, akainjika sufuria, akasali. Maharage yaliiva kwa rozari tatu. Wachungaji wa ng'ombe walikuja kuota moto, wakauliza kama mawe yanauzwa. Siku ya tatu, juu ya kilima chenye upepo, alimwomba Mungu shamba hilo, hata robo yake, kwa sababu tangu arudi Burundi alikuwa amelala miaka kumi na mitano katika nyumba ya watu.

Ijumaa wazee walikaa jikoni kwa Kastori, ambaye ndiye anayelilima shamba hilo. Sakafuni mlikuwa na mashimo matatu ya mafiga yaliyong'olewa. Kila jiwe lililowekwa humo lilipasuka, kwa hiyo familia yake ilikuwa imepikia jiko la mkaa kwa miaka hamsini na miwili. Kasilda aliyaweka mafiga. Yaliingia bila kucheza. Maharage yakachemka, wazee wakala, mmoja akaomba chumvi.

"Mafiga ni ya hapa," alisema Kasiano, mkubwa wao. "Nani anabisha?"

Hakuna aliyebisha, hata Kastori.

"Basi yabaki, ndiko kwao. Wewe mama umezaliwa Tanzania. Kastori amezaliwa humu, na ana karatasi yenye muhuri."

Kasilda alifanya ishara ya msalaba, akachukua karai lake. Lilikuwa limeshapoa.

Kastori alisimama mbele ya mke wake na wazee wote, akainua mkono.

"Naahidi, na nyote mko hapa mnasikia. Haya mawe hakuna atakayeyaondoa tena. Na huyu mama akipita, siku yoyote, atapewa sahani ya maharage."