Subiri Kidogo, Shemeji

...na kamba haiji, nimeitikisa mara mbili, mara tatu, ndoo imejaa tope pomoni, Gurgin, shemeji yangu wewe, kazi yako huko juu ni moja tu, ukitikiswa uvute, lakini macho yako yako vitani, najua, sultani wa Waseljuki na jeshi la Khwarezm wameona wamalizane hapa hapa nje ya mji wa Rey, juu ya mfereji wetu wa chini ya ardhi, kana kwamba Mungu hakuumba uwanda mwingine, na mimi niko chini, kina cha watu kumi, nazibua kifusi kilichoziba maji ya kijiji, maji yanajaa, yalikuwa kwenye vifundo, sasa magotini, na vikanyagio vya ukutani vilishabomoka, bila kamba sitoki... "Gurgin, vuta!"... "Subiri kidogo, shemeji, sultani kaingia mwenyewe, maamiri wake wamekaa pembeni wanamtazama"... subiri kidogo, ndivyo anavyomwambia dada yangu Zarrin kuhusu paa, majira matatu ya baridi sasa theluji inadondokea chungu cha shayiri, nilimwambia Zarrin, huyu mume ni mzigo, akacheka... udongo unanimwagikia kichwani, kwato hizo, nguo yangu nyeupe imekuwa tope, sisi wachimbaji hushuka na nyeupe, baba alinivalisha ya kwanza, akasema ukifia chini umeshavaa sanda, hutasumbua watu... "Shemeji, bendera imelala. Sultani kaanguka"... "Kaanguka au kafa?"... "Wamemkata kichwa, sasa wewe niambie"... haya, Waseljuki wamekwisha, miaka mia na hamsini imekwisha kabla ndoo yangu moja haijapanda, mapajani sasa, maji ya baridi haya, nikitoka nitamzaba kofi mbele ya mkewe... nimeishika kamba nayo inatetemeka, wala sijaitikisa, inatetemekea huko juu, na sauti yake mbona inatokea chini chini, karibu na ardhi, kama mtu aliyelala kifudifudi, na kwato hazipiti mbali, ziko juu yetu, walioshindwa wanakimbilia huku na washindi nyuma yao, akisimama kuzungusha gurudumu la kamba ataonekana uwanda mzima, kijiji chote kilikimbia asubuhi, yeye kabaki, ameshika kamba, na hana nguo nyeupe, nimekuwa nikimtukana mtu aliyebaki kwa ajili yangu... "Gurgin, achia, kimbia, nitachimba nitokee upande wa pili"... uongo, kifusi hiki ni kazi ya siku mbili, naye anajua... "Nyamaza basi, wanapita"... "Kimbia, nakwambia"... kisha pole pole, "Nikirudi peke yangu Zarrin nitamwambia nini?"... na kamba bado haivutwi, maji yamefika kiunoni, nimejizungushia kamba mkononi, upande wa pili inatetemeka, na hata mimi natetemeka, sawa, shemeji, nasubiri kidogo.