Shukrani Kabla ya Kisu

Mama mkwe alinitangaza kuwa nimepona wakati daktari ndiyo kwanza amenipangia siku ya kukatwa titi.

Daktari alikuwa amesema dripu za kemo, dawa ya saratani, zimefanya kazi, uvimbe umesinyaa, sasa wanaweza kulitoa titi vizuri. Mume wangu, Luhende, akampigia mama yake simu tukiwa bado kwenye korido ya hospitali. Alimweleza yote, nilimsikia. Mama aliishia kwenye neno "umesinyaa". Tulipofika nyumbani Kiseke tulikuta keshaongea na Mchungaji Maige, ibada ya shukrani ni Jumapili, na mbuzi keshanunuliwa.

"Shikamoo mama," nilimwambia. "Bado kuna oparesheni Jumatano."

"Marahaba. Oparesheni ya nini tena, Mama Queen? Mungu hafanyi kazi nusu."

Nilichoka. Nywele zilishaisha, kucha zimekuwa nyeusi, kila ninachokula kina ladha ya msumari, na juu ya hayo yote nilitakiwa nibishane. Mimi Mungu namwamini. Ndiye aliyenishika kila dripu ilipoingia. Ila sikumbuki aliponiambia nisirudi hospitali.

Hospitali ilitaka kitu kimoja kwa ndugu zangu: wachangie damu kabla ya Jumanne. Isipopatikana, oparesheni inaahirishwa, na foleni ya chumba cha upasuaji kila mtu anaijua. Luhende alitoa yake, haikutosha. Nikaanza kuwapigia wengine. Wifi yangu Tereza alicheka kwa furaha kabisa. "Si umepona, wifi? Sisi tunakuja Jumapili kushukuru." Shemeji Mayala naye akauliza damu ni ya nini kwa mtu mzima wa afya. Nilitaka kuitupa simu ukutani. Hawa ndio walionipikia uji na kunifulia tangu nianze kuugua, na sasa wananiacha kwa sababu wamefurahi.

Nilimwomba Luhende aongee na mama yake. Akasema ataongea naye, kwa sauti ya mtu ambaye hataongea.

Jumapili walikuja wote kanisani, wengine wametoka Sengerema alfajiri wakavuka ziwa Kigongo, wamevaa vitenge vya sare. Kwaya iliimba mpaka nikaanza kusikia kizunguzungu. Kisha Mchungaji Maige akanipa maiki nimtukuze Mungu kwa alichonitendea.

"Bwana asifiwe," nilisema. "Uvimbe umepungua, namshukuru Mungu. Lakini saratani bado ninayo. Jumatano nakatwa titi na damu haijatosha. Naomba kesho mje mnitolee damu."

Mtu mmoja nyuma alianza kusema amina, akaiacha katikati. Mama mkwe akainuka mstari wa mbele, akaja, akaichukua maiki mkononi mwangu taratibu kama anayempokonya mtoto wembe.

"Mwanangu ana hofu," aliwaambia. "Tumwombee roho ya hofu imtoke."

Wakanizunguka, mikono juu ya kitambaa changu cha kichwa, wakaomba kwa sauti kubwa. Nililia kwa hasira, na wao wakadhani ni upako.

Nyumbani watu walikula pilau na nyama wakashiba. Mimi nilimfuata mama mkwe jikoni nyuma ya nyumba, akiwa peke yake anakoroga sufuria.

"Mama, unataka nife?"

Hakugeuka. "Dada yangu walimkata hivyohivyo," alisema. "Hakurudi nyumbani. Nilijua ukishasema mbele ya kanisa kwamba umepona, utaona aibu kwenda."

Kumbe ibada yote ile, na kwaya, na sare, ilikuwa ya kunizuia mlangoni nisirudi hospitali. Ningemwonea huruma kama nisingekuwa na hasira kiasi kile.

"Uvimbe ukibaki ndio utakaoniua," nilimwambia. "Na mimi naogopa, mama. Naogopa kukuzidi."

Akauweka mwiko chini. Nami nikaenda kulala.

Jumatatu mimi na Luhende tulipofika kwenye chumba cha kutolea damu tulimkuta mama mkwe ameshatutangulia, anabishana na nesi.

"Damu yangu ina kosa gani?"

"Haina kosa, bibi. Ni umri umepita."

Akaenda kukaa kwenye benchi, akatoa simu. "Tereza, jana ulikula nyama yangu? Basi njoo hospitali sasa hivi, na mumeo." Akampigia Mayala, akampigia kiongozi wa kwaya, akampigia hata Mchungaji Maige, huyo kwa heshima kidogo. Kufika saa sita kulikuwa na foleni ya watu waliokunja mikono ya mashati, wengine wakilalamika kwamba hawakuelezwa vizuri. Ningefungua mdomo ningetukana.

Nesi alipotoka kutuambia damu imetosha, Luhende akafumba macho akashukuru. Nilidhani mama mkwe naye angefurahi, lakini alibaki ameishika simu mapajani, ananitazama.

"Mama Queen," alisema, "nimeshamshukuru Mungu mbele ya watu wote. Ukifa Jumatano, nitamwambia nini?"

Hasira yangu kwake ilikuwa haijaisha. Nikamwambia asogee kidogo, nikakaa kando yake.