Mchana au Usiku

Afisa wa manispaa alianza kwa kufunga madirisha ya ukumbi, eti moshi wa kiwanda unamkereketa koo. Kisha akatugeukia sisi wananchi tulioitwa kutoa maoni: "Mnataka kiwanda kiwashe tanuri mchana au usiku?"

"Kisiwashe kabisa!" nikadakia. Nina mtoto wa pumu mimi.

"Hilo halimo kwenye ajenda, mama."

Wifi yangu, dobi wa mashuka ya hoteli, akasimama. "Usiku. Mchana naanika."

"Na mwanangu aliyelala apumulie wapi, wifi? Ndani ya beseni lako?"

Ukumbi ukachafuka. Wenye nguo za kuanika wakatukanana na wenye wagonjwa, afisa anatabasamu. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Mikono ikanyooshwa, usiku ukashinda. "Mmeamua wenyewe," akasema, akatupigia makofi.

Siku hizi mashuka ya wifi yanakauka meupe pe. Juzi kaniletea moja la kumfunika mwanangu, hata usoni hakunitazama. Asubuhi nililitoa kitandani. Pale mdomo wa mtoto ulipolala pana duara jeusi la masizi.